Machozi ya Mwanangu Si ya Ukurasa Wako

Jumamosi. Mvua imeanza kabla hatujanywa chai na mpaka sasa haijaamua kuacha. Mtaa wote wa Mengo umelowa, kijia cha kwetu kimekuwa tope jekundu, na mimi nina hasira tangu Alhamisi. Nimepika nayo, nimefua nayo, na kesho naona nitaibeba mpaka kanisani.

Namkasirikia nani? Nitasema, sina haja ya kuzunguka. Namkasirikia mwalimu wa binti yangu wa darasa la pili. Humu nitamwita Tiicha, kwa kuwa ndivyo watoto wanavyomwita. Jina la shule naliacha. Jina la binti yangu pia naliacha, maana sura yake imeshatembea vya kutosha wiki hii.

Shajara hii ya mtandaoni naiandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa Kampala wengi wanakijua cha kuulizia bei na cha kuogopea askari, basi. Wanaonisoma ni binamu zangu wa Busia, upande wa Kenya, na watu wachache nisiowajua. Hata hivyo najua kwamba nami naandika habari za mtoto wangu mahali ambapo watu wanasoma. Nimejiuliza hilo leo mara nyingi na sijapata jibu la kunipendeza.

Tiicha ana ukurasa mtandaoni. Si wa shule, ni wake mwenyewe, na ameupa jina la Kiingereza lenye maana ya mwalimu mwenye moyo. Humo anaweka watoto wetu. Watoto wakicheza ngoma, watoto wakinywa uji, mtoto aliyekosea kusoma neno mpaka darasa zima likamcheka. Nilikuwa nawasikia wazazi wengine wakiusifu pale getini. Mimi bando langu la simu ni la kubana, sikuwahi kuufungua.

Alhamisi nilikwenda soko la Kalerwe kununua vya wiki, kama kawaida yangu. Nyanya huniuzia Nalongo, mama wa mapacha, tangu nilipohamia Kampala. Nalongo hana huruma na mtu. Ukimwomba nyongeza anakutazama kana kwamba umemwomba figo. Siku hiyo alinijazia mfuko, akaongeza nyanya, akaongeza nyingine, kisha akanishika mkono, akaniita maskini mama kwa Kiganda.

"Bambi, nyabo. Pole sana kwa mzee," akasema.

Mzee gani tena? Baba yangu tulimzika miaka mingi iliyopita. Nalongo akatoa simu kwenye mfuko wa aproni, akapangusa kioo, akanionyesha.

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya darasa, vifungo vya sweta vimekosea matundu. Sauti ya Tiicha ilikuwa inamuuliza, kwa upole mwingi, daddy wako yuko wapi. Yuko jeshini. Anarudi lini? Hajui. Unammisi? Hapo midomo ikaanza kutetemeka, machozi yakashuka, na kamera ikasogea, ikasogea, mpaka uso wa mwanangu ukajaa kioo chote. Chini kulikuwa na wimbo wa huzuni. Juu kulikuwa na maandishi: tumwombee mtoto huyu, anamsubiri baba ambaye huenda hatarudi.

Mume wangu yuko hai.

Ni mwanajeshi, mtu wa Lira, na tangu mwanzo wa mwaka yuko kazini mbali. Nyumbani humwita Afande, naye hujifanya hapendi. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amenipigia akiuliza kama fundi amekuja kuziba paa. Lakini pale Kalerwe mimi nilikuwa mjane. Chini ya video watu walikuwa wameandika bambi, bambi, bambi, safu nzima, na vikaragosi vya kulia, na wengine wakiuliza mtoto huyu yuko wapi wamtembelee.

Nyanya za pole nilizichukua. Nilikuwa sijui nifanye nini na mikono yangu.

Njiani kurudi nililia, na si kwa sababu ya hayo maandishi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, ndivyo tunavyosema. Mimi uchungu wa mwanangu nimeujulia kwenye simu ya muuza nyanya, pamoja na kila mwenye kidole cha kubonyezea. Nyumbani hajawahi kumlilia baba yake hata siku moja. Afande akipiga, anamwamkia, anamwagiza viatu vyenye taa kwenye soli, anarudi kuchezea vizibo vyake. Nilidhani amezoea. Nilikuwa nawaambia watu kwa majivuno kwamba mtoto wa mwanajeshi huzoea.

Kumbe alikuwa na wa kumwambia. Alimwambia Tiicha, hakuniambia mimi.

Niliona wivu. Acha niuandike hapa uonekane.

Jioni Afande akapiga tena, si saa yake ya kawaida. Sauti ilikuwa chini. "Mama, mimi nimeona ile kitu," alisema kwa Kiswahili chake cha kambi. "Vijana yote hapa imeona. Sasa wanaangalia mimi kama maiti." Kisha akauliza kama mtoto hulia hivyo kila siku. Nilisema mtandao unasumbua, nikakata.

Ijumaa asubuhi niliomba ruhusa dukani ninapouza vitambaa, nikaenda shuleni. Nilikuwa nataka jambo moja tu. Video itolewe, na kuanzia siku hiyo mtu yeyote asimwelekezee mwanangu simu. Akitaka kulia alie zake, kama mtoto mwingine yeyote, bila kutazamwa.

Mwalimu mkuu anajua mimi Mkenya, kwa hiyo huniwekea Kiswahili mezani kama mtu anayemtolea mgeni soda.

"Nyabo, turia kwanza," akasema, maana kwake kila l ni r. "Ile video haina mubaya. Hata mimi niriria, banange! Watu mingi wanauriza shule yetu iko wapi."

Basi machozi ya mwanangu yamekuwa kibao cha shule. Nilimwambia hivyo, akacheka akidhani natania. Akamtuma mtu amwite Tiicha.

Sasa sikiliza, shajara, nikueleze nilivyoshindwa.

Kwetu Busia mtu akikukosea mnasimama wima, mnasemezana, mnapatana au mnagombana. Hapa Buganda mwanamke mwenye adabu hupiga magoti kusalimu, na Tiicha ana adabu jamani. Ni msichana mdogo, mwembamba, sura ya kumkopesha kitu. Aliingia, akapiga magoti kwenye saruji baridi mbele ya kiti changu, akaanza kuuliza. Hali ya nyumbani? Hali ya kazi? Mmelalaje? Polepole, moja moja, akiitikia kila jibu kwa sauti ya ndani ya pua. Hasira niliyoibeba kutoka nyumbani ikakosa pa kukaa. Utamfokea vipi mtu aliye magotini mbele yako? Ukimfokea, mkosaji unakuwa wewe. Simu alikuwa nayo mkononi muda wote, ameilaza kwenye paja kama mtoto.

"Nyabo, nisamehe," akasema. "Mimi napenda huyu mutoto kama wangu."

Na ni kweli anampenda, hilo ndilo linalonichoma. Humfunga kamba za viatu. Aliwahi kumbeba mgongoni siku aliyotapika. Ningekuwa napambana na shetani ningejua pa kumshika. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu ni nguo niliyomvalisha mtoto kwa mikono yangu kila asubuhi.

Aliifuta video mbele ya macho yangu. Nilitakiwa kufurahi. Halafu, bado yuko magotini, akanipa wazo. "Tunaweza tengeneza ingine. Wewe na yeye pamoja, watu waone mama iko."

Nikasema hapana, asante.

Asante! Mtu anataka kuniuza mara ya pili na mimi namshukuru. Nilifika getini ndipo maneno yote niliyotakiwa kusema yakanijia kwa mstari, matamu, makali, na hakuna wa kumwambia isipokuwa askari wa zamu.

Mchana huo mwenzangu dukani akanionyesha video ileile kwenye ukurasa wa mtu mwingine kabisa, muuza dawa za kunenepesha. Wimbo tofauti, machozi yaleyale. Maji yakimwagika hayazoleki. Afande nilimwandikia kwamba imefutwa. Sikumwambia hilo la pili.

Ningeweza kuishia hapo, nikae na hasira ya kawaida ambayo ingepoa kufikia Jumatano. Lakini jana jioni tulikaa mimi na binti yangu kuchambua maharage, sinia katikati yetu. Nilikuwa nimeapa sitamuuliza kitu. Yeye mwenyewe akaanza, bila kuinua kichwa, huku akitupa vijiwe pembeni.

"Ile ya kwanza ilikuwa mbaya. Boda ilipiga honi. Tiicha akasema turudie."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza alirudiaje kulia.

"Alisema nifikirie daddy hatarudi. Nikafikiria. Nikalia vizuri, akaniacha nipige kengele ya kwenda nyumbani."

Alisema vizuri. Alisema kwa sauti ileile anayotumia akinionyesha alama za vyema kwenye daftari.

Ile kengele ya shule watoto wote wanaililia. Tangu chekechea binti yangu anaitamani, huwa anaieleza ilivyo nzito na jinsi kamba yake ilivyo na fundo. Ameipata. Kwa ajili yake amemzika baba yake kichwani mwake, akafaulu, akapewa zawadi.

Kulia kwa kwanza ningeweza kusamehe. Mtoto ameulizwa, akaumia, na mtu mzima mpumbavu akawa ameshika simu. Lakini kulia kule kwa pili hakukuwa kwa mwanangu. Alikuwa ameshamaliza kulia, ameshapangusa uso pengine, na mtu anayelipwa mshahara kwa jasho letu akamwambia anza upya kwa kuwa pikipiki imeharibu. Ndiyo video ambayo Nalongo ameililia, na wanajeshi kambini, na mwalimu mkuu. Walilia pamoja naye kwa jambo alilofundishwa.

Niliendelea kuchambua maharage. Nilitupa mazuri pamoja na mabovu.

Leo sasa. Saa za mchana mvua ilipungua kidogo, binti akatoka barazani kukinga maji kwa kikombe, ingawa nimemkataza. Mimi nilikuwa ndani naongea na Afande, simu sikioni. Nikasikia kishindo, kisha kile kilio ambacho mama yeyote anakijua, kile kinachotanguliwa na kimya. Nikatoka mbio. Alikuwa ameteleza kwenye saruji, goti limechanika, damu inachanganyika na maji, mdomo wazi, kamasi mpaka kidevuni. Alikuwa analia hasa.

Akaniona. Akaona simu mkononi mwangu.

Akanyamaza. Akajipangusa pua kwa mkono, akaweka miguu vizuri, akageuza uso kuelekea kwangu penye mwanga, akaniuliza:

"Mama, nianze?"

Simu iliniponyoka. Kutoka kwenye tope nilimsikia Afande akiita halo, halo, nini huko, halo. Nilimkumbatia mtoto wangu nikamwambia lia, mama, lia utakavyo, hakuna anayetazama, ni mimi tu. Hakulia. Goti linavuja damu, mwili mzima unatetemeka, na yeye ametulia begani mwangu anangoja kuambiwa. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, na chumvi inauma jamani, hata hapo alikaza meno akanitazama mikono kwanza kuona nimeshika nini.

Sasa amelala usingizi wa mchana na goti lake lililofungwa kitambaa. Simu nimeikausha, inafanya kazi. Afande nimemweleza kila kitu, la kwanza na la pili, na la muuza dawa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye kwa bunduki anajua kulinda vitu vingi, lakini hiki hajui kinalindwaje. Ameomba nimwamshe mtoto waongee, nikakataa, nikamwambia apige kesho, na apige kwa sauti tu, asitake kumwona uso.

Kumhamisha shule? Pengine. Lakini nikimhamisha kimyakimya, watabaki wenzake wote kwenye ukurasa ule, na kengele itabaki na Tiicha. Sitaki kuondoka kabla sijasema neno langu.

Jumatatu nitarudi pale. Najua itakavyokuwa. Tiicha ataingia na adabu yake, atapiga magoti mbele ya kiti changu, ataniuliza hali ya nyumbani. Safari hii nami nitashuka kwenye kiti, nipige magoti palepale kwenye saruji, uso kwa uso naye, asiwe na mahali pa chini zaidi pa kunikimbia. Nitasubiri amalize kuuliza. Halafu nitamjibu hali ya nyumbani kama ilivyo: mtoto ameumia goti, na mpaka sasa anangoja wewe umwambie alie.