Kopo la Mvua la Abdu

Koboko, Jumapili

Dada yangu Mwanaisha,

Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Mombasa, wewe na mama, na kwamba goti lake limepata nafuu. Sisi afya tunayo, ila mimi nimechafukwa na roho tangu Alhamisi, na kwa kuwa huku sina wa kumwambia, utanivumilia wewe.

Unakumbuka kule Majengo nilivyokuwa nikiwafundisha watoto mambo ya mawingu na mvua. Likizo hii nimeyafanya hapa uani na Abdu wangu, ana miaka tisa sasa. Tulifunika sufuria ya maji ya moto kwa sahani baridi, akaona matone yanavyojikusanya chini ya sahani, akapiga kelele, "Mama, mvua imezaliwa jikoni!" Kisha tukaweka kopo la maziwa juu ya jiwe. Kila asubuhi anatia rula, anaandika daftarini. Alikuwa haambiwi kitu! Hata mavyaa wangu, mama wa mume wangu Saidi, akija kutoka shambani Lurujo lazima aulize, "Kitabu inasema nini?"

Basi akaja ami yake Saidi kutoka Arua, mwanajeshi mstaafu, mgeni wa wiki mbili. Siku hizo yalikuwa manyunyu tu ya kulowesha vumbi, lakini daftari la Abdu likaandika inchi moja, inchi moja, inchi na nusu. Nami mwalimu mzima nikafurahi badala ya kujiuliza. Bibi yake akasikia, akapanda njugu, mbegu yote ya mwaka. Jua likawaka. Alipofukua, nyingine zimekauka, nyingine mchwa wameshakula.

Alhamisi nikamwona ami anatoka chooni na kopo letu mkononi. Kumbe ndilo alilokuwa akilijaza kwenda kutawaza, kisha analirudisha juu ya jiwe na masalio yake, kwa adabu kabisa. Astaghfirullah! Lakini katika nyumba ya Waislamu, kopo likikaa uani lina maji, mgeni atadhani la nini? Mwanangu alikuwa akitia rula mle, kisha anaifuta kwa shati lake. Nilitapika nyuma ya jiko.

Nikanyamaza, dada. Utamwambiaje mzee, baba mkwe wako, habari za choo? Nikalificha kopo, nikasema yameisha.

Hayakuisha. Ijumaa bibi alikuja analia. Saidi akamwita Abdu. "Uliongeza maji?"

"Wallahi sikuongeza, baba."

Akamchapa, kwa uongo na kwa kuapa. Mimi nilikuwa jikoni nimeshika mwiko, nasikia kila fimbo. Najichukia ninapoandika haya.

Kesho yake kwenye chai ami akacheka, mdomo umejaa muhogo: "Mutoto ya sasa iko naandika mvua ya uongo! Jeshini mutu kama huyu tunafunga."

Hapo nikashindwa. "Ami, nisamehe. Mvua ile ni maji yako ya chooni. Kopo unalokwenda nalo msalani ndilo la mtoto."

Akaacha kutafuna. Saidi akatazama mkeka. Bibi akasema polepole, "Njugu yangu yote, sababu ya maji ya choo?" Akatema mate, ptuu!

Ami aliondoka adhuhuri hakuniaga. Saidi hasemi nami, eti nimemvua mzee nguo mbele ya watu. Na asiseme! Mtoto wake amemchapa bure na hata pole hajampa. Mbegu tutaomba kwa majirani. Linalonichoma ni Abdu. Nilidhani atafurahi, yeye akaniuliza, "Mama, ulijua lini?" Nikamwambia kweli. Alhamisi.

Nisalimie mama, shemeji yangu fundi cherehani, na shangazi aliyenilea. Abdu nilimpa kalamu amsalimie bibi yake wa huko kwa mkono wake. Ameirudisha.

"Andika wewe, mama. Wewe ndiye unajua la kusema na la kunyamazia."

Ni mimi mdogo wako,
Zubeda