Sindano ya Kila Siku, Sindano ya Ijumaa

Nimesujudu! Paji la uso limegusa mkeka, Zuhura, limegusa barabara, na pua, na viganja, na magoti yote mawili. Tena nikainuka mwenyewe bila kushikwa mkono na mtu. Alfajiri ya leo hii. Hata chai sijanywa, nimekaa kukuandikia.

Haya, sasa ndiyo salamu. Mwanangu Zuhura, mfamasia wangu, mtoto niliyemzaa mwenyewe kwa uchungu wangu, assalamu alaykum. Na marahaba kabisa, maana najua hujafika mstari wa pili umeshasema shikamoo. Mimi mzima, zaidi ya mzima. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu ujumbe wa sauti hunikatikia pale maneno yanapoanza kunoga. Shangazi yako Mwanaidi ataipiga picha aitume kwenye kundi la ukoo, wasome wote, wa Miburani hapahapa kisiwani, wa Dar es Salaam kama wewe, na wale wa Maskati wanaojidai wamesahau njia ya Mafia. Wasome. Darasa la saba langu linatosha kumsifu mwanangu.

Unakikumbuka kile kiti? Nikaha ya binti wa mjomba wako, Miburani, viti vyeupe vya kukodi. Nilikaa, nikaegemea, kikasema paa, na mimi huyo chini, sahani ya pilau kifuani. Shangazi yako akapaza sauti kuniokoa: "Viti gani hivi vya siku hizi, karatasi!" Watu wakacheka kwa adabu. Wewe ulikuja ukaniinua, ukanifunga buibui vizuri, tukatoka. Tulipokaribia nyumbani ndipo ukasema, "Mama, kiti hakikuwa kibovu."

Nikakujibu, "Wewe umeniaibisha kuliko kiti." Na siku tatu sikukusemesha.

Nilinuna kwa haki yangu, usinione vibaya. Marehemu baba yako aliusifia mwili huu mbele za watu. Akirudi kutoka dago, ile kambi ya wavuvi kule Shungimbili, alikuwa akiwaambia wenzake, "Mtazameni mke wangu, ndipo mjue nyumba yangu haina njaa." Mimi nilikuwa cheti chake, na cheti hakipunguzwi. Kisha yeye akatangulia, sukari ikanijia, magoti yakaanza kulia kama mlango usiotiwa mafuta, na mwaka huohuo wa msiba nikaanza kusali juu ya kiti.

Watu wanadhani kusali kitini ni raha. Nisikilizeni nyote mnaosoma. Safu ya wanawake ikipangwa, wewe unasogezwa pembeni na kiti chako. Wenzio wote wanashuka, wewe unabaki juu peke yako, unaona migongo yao. Mungu anapokea, sikatai, lakini moyo unauma. Ule mwezi wa Ramadhani uliponikuta nafuta macho baada ya tarawehe, nilikuambia ni vumbi. Ulinitazama, ukaondoka bila kubisha. Kumbe ulikuwa unapanga. Likizo iliyofuata ukanipandisha ndege kwenda kwa daktari, na mimi nikavaa dhahabu zangu zote nikidhani naenda kutembea.

Yule daktari aliniuliza mambo mpaka nikahisi anataka kuniposa. Je, kuna mtu kwenu aliyepata saratani ya tezi ya shingoni? Kongosho limewahi kukuuma? Dawa gani unameza? Damu ikachukuliwa. Ndipo akataja sindano tatu za kushusha sukari na uzito, na wewe usiku ule ukanifafanulia kwa lugha ya nyumbani. Kwamba zote zinafanana kazi: zinapunguza mwendo wa chakula tumboni, na zinakiambia kichwa kwamba umeshiba. Kwamba moja ni ya kila siku, ya pili ni ya mara moja kwa wiki, na ya tatu nayo ni ya wiki, ila yenyewe inapita njia mbili mwilini badala ya moja, na wengi hupungua zaidi nayo.

"Kila siku?" nikakuuliza. "Mimi mto wa kuchomekea pini?"

"Sindano yenyewe ni kama unywele, mama."

"Unywele wa nani?"

Ulicheka, lakini nilianza na hiyohiyo ya kila siku, maana ndiyo iliyokuwapo. Nitasema ukweli wangu. Iliponishika, ilinishika. Harufu ya tui likichemka, mimi niliyekulea kwa tui, ilinitoa jikoni mbio. Nikatapika wiki ya kwanza, nikafunga choo wiki ya pili. Daktari akasema nile kidogo kidogo, maji kwa wingi, mafuta nipunguze, na kweli ikatulia. Tatizo likawa bamvua. Siku maji yanapokupwa sana na wanawake wote wameshuka miambani na mikuki ya pweza, mimi mnunuzi wao nipo ufukweni tangu asubuhi, napima, nagombana, nacheka. Sindano nitaikumbuka saa ngapi? Nikawa naruka siku mbili, siku tatu. Daktari akaona hapana, akanihamishia ile ya wiki. Mimi nikachagua Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa haisahauliki.

Hapo ndipo shangazi yako alipoingilia. "Wifi, ile ya tatu ndiyo kali, mbona wewe wamekupa ya katikati? Wamekubania." Nikamwambia, ya tatu ni ghali zaidi, na wakati ule kupatikana kwake ni leo ipo, kesho haipo. Daktari amesema hii inanikaa vizuri, sukari inashuka, basi nihame niende wapi? Akaomba nimgawie kidogo, "nionje tu". Nikamwambia wifi, hii si mbuzi ya kukunia nazi, ya kuazimana uani. Nenda ukapimwe kama nilivyopimwa. Alinuna, lakini kesho yake alirudi na mihogo.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana asiyesema kosa lake, watu humsemea, tena kwa chumvi.

Uliniagiza mara tatu: "Mama, dawa ikae pahala pa baridi." Siku ile umeme ukakatika mchana kutwa. Nikalitazama friji letu dogo, nikaona linaanza kutoa jasho. Nikalitazama friza langu la biashara, limejaa barafu na pweza, halitikisiki. Miaka ishirini nauza pweza Kilindoni, hakuna mtu wa kunifundisha baridi! Nikachukua kalamu zote mbili za sindano, nikazifunga kwenye mfuko, nikazizika chini kabisa. Nikalala kama tajiri.

Ijumaa nikaitoa moja, ngumu kama msumari. Nikaianika dirishani ikayeyuka, nikajichoma, bismillahi. Ijumaa ya pili vilevile. Na njaa ikarudi kama mpangaji mwenye ufunguo wake. Nilikula mikate miwili ya kumimina, nikawa naitazama ya tatu kwa jicho la mapenzi. Mzani wa zahanati ukapanda. Nikakupigia kwa hasira.

"Zuhura, umeuziwa maji."

"Mama, dawa inalala wapi?"

"Pahala pa baridi, kama ulivyosema."

"Ndani ya friji?"

"Ndani ya friza."

"Friza lipi, mama?"

"La pweza."

Kisha ukauliza taratibu, "Juu ya pweza au chini?"

"Chini kabisa, palipo salama."

Ulicheka mpaka nikasikia wenzako wa kazini wanakuuliza kuna nini. Halafu kicheko kikakatika ghafla. "Mama, ikishaganda imekufa. Hata ikiyeyuka haifai tena. Usijichome nyingine." Nami, kwa kiburi cha aliyekosea, nikasema basi yaishe, naacha, Mungu anapokea sala ya kwenye kiti.

Ukasema, "Anapokea, mama. Lakini wewe ndiye unayelia."

Nilikata simu, nikakaa juu ya kile kiti changu cha sala nusu saa nzima bila kusali. Kumbe ulijua tangu Ramadhani kwamba halikuwa vumbi, na hukunivua nguo, ulinihifadhi mpaka siku yenye haja.

Wiki ile ulikuja mwenyewe na ndege, kisanduku cha baridi mapajani kama mtoto mchanga. Ukanitilia kipimajoto ndani ya friji. Ukanionyesha kwamba umeme ukikatika nisifungue mlango hovyo, na kwamba kalamu iliyokwisha kuanza kutumika hustahimili nje ya friji kwa muda, mradi isipate joto kali wala jua. Ukabandika karatasi juu ya friza kwa herufi kubwa: HUMU NI PWEZA TU. Wateja wanaisoma wanashangaa, kwani kuna anayedhani humu kuna mbuni? Daktari akanirudisha kwenye kipimo kidogo cha mwanzo, nikapanda upya polepole, kama mtoto anayerudishwa darasa la kwanza. Nilikubali. Safari hii nikaongeza na miguu yangu: sokoni Kilindoni naenda kwa kutembea, narudi kwa kutembea, bodaboda wamenikatia tamaa.

Leo nimeacha kilo kumi na nane njiani, aliyeziokota asinirudishie. Wali nakula matonge manne matano, nasema alhamdulillahi na mkono unakubali. Sukari imeshuka mpaka daktari amenipunguzia vidonge. Shangazi yako aliponiona nashuka ngazi za benki bila kushika ukuta alinivuta pembeni: "Wifi, una nini? Watu hukonda mwaka wa kwanza wa msiba, wewe umeanza mwaka wa sita!" Nikamwambia, mimi sikukonda, mimi nimepanguswa. Na nimemwambia kila anayeuliza, kwa kuwa wanauliza kweli: dawa hii haifanyi kazi peke yake, haipo kwa ajili ya kila mtu, na ukiiacha kienyeji njaa inarudi na kilo zake. Atakayetaka aende kwa daktari, asiende kwenye simu.

Magoti yalichelewa kuliko mwili. Mwezi mzima nilikuwa najaribu peke yangu chumbani, nashuka nusu, narudi. Jana nilifika robo tatu. Leo alfajiri nikakisukuma kiti ukutani, nikasema nikianguka nimeanguka kwangu. Nikashuka. Goti la kushoto likaguna, la kulia likakubali, na mkeka ukanipokea, Zuhura. Ulinukia ukindu na udi wa Ijumaa. Nilikaa kwenye sijda ile mpaka nikaogopa nimeisahau sala. Nilikuwa nakuombea, nataja jina lako, jina moja tu, narudia.

Kwa lile neno la kiti, mwanangu, nilikukasirikia siku tatu, na nimekudai radhi miaka yote bila kukuambia. Leo naigeuza, mimi ndiye ninayekuomba wewe. Uliyasema yale kwa sababu hakuna mwingine aliyenipenda kiasi cha kuthubutu. Radhi yangu unayo, ya maziwa na ya mgongo, mbele ya ukoo mzima unaosoma hapa. Na wale wanaosema mtoto wa kike kusomeshwa ni kumfugia mwanamume asiyejulikana, waje wanitazame ninavyoinuka.

Nitasoma maulidi ya shukrani hapahapa uani. Mbuzi yupo, bokoboko nitapika mimi, nile au nisile. Magharibi itatukuta pamoja, tutapanga safu ya wanawake, na sitaki kuona kiti hata kimoja karibu yangu. Nafasi ya bega langu la kulia ni yako, nimeshamwambia shangazi yako asiisogelee. Omba ruhusa kazini mapema. Wa Miburani, wa Dar es Salaam, wa Maskati, nawangoja nyote, Jumamosi ya pili ya Mfungo Sita, mwezi wa maulidi.

Ni mimi mama yako, mzazi wa mfamasia.