Mstari Mweupe Machoni pa Bibi

Dukani Mbinga, Alhamisi mchana

Kaka Tarsisi,

Shikamoo. Natumaini vumbi la makaa huko Ngaka halijakuzidi. Huku mvua imenyesha na kahawa imetoa maua.

Bado niko kwa Bi Saida, tunachapa mabango. Leo mashine imetoa picha yenye mistari myeupe, kwa sababu hewa iliingia kwenye chujio la wino. Povu dogo tu likikaa humo, wino haupiti. Nikasimamisha chujio, nikaligonga kwa kidole, nikaanza kuvuta hewa taratibu kwa bomba la sindano. Mara nikajikuta navuta kwa nguvu.

"We Hilda, unavuta hewa au unakamua ng'ombe?" Bi Saida akanitania. Halafu akaiangalia tena ile picha, akanishika bega.

Ni picha ya Bibi, Kaka. Mstari ulimpita machoni.

Mjomba atakupigia jioni akwambie Bibi anaumwa kidogo, uje. Amenikataza kusema zaidi. Lakini hata Babu "aliumwa kidogo", ukamalizia zamu zako, ukakuta kaburi. Kwenye simu sauti yangu ingegoma, ndiyo maana naandika. Masoudi wa lori la makaa ananisubiri nje.

Tunamzika kesho Lituhi, baada ya misa. Masoudi akishapakia anarudi huku, panda naye. Povu limetoka na picha sasa ni safi, Bibi anacheka.

Mjomba akipiga, mwitikie kama hujui kitu, ila uwe umeshapanda.

Mdogo wako,
Hilda