Nilivyokata Shina la Maua la Mwalimu Tulia

Temeke, Jumamosi. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu kidogo, moyo mweupe.

Shina la maua ya buluu la jirani yangu, Mwalimu Tulia, limegawanywa leo asubuhi vipande vinne. Kwa kauli yake mwenyewe, vyote vinne ni vizima.

Aliyekata ni mimi.

Alilitoa kwa mama yake, Njombe. Nyumba ile haipo tena. Familia ilihamia kijiji cha ujamaa, na pale sasa ni shamba la mahindi. Shina lililobaki ni hili tu, na kwa miaka miwili halijachanua. Mwalimu aliamini ni baridi. Kila Juni amekuwa akilifunika gunia kama kwao, huku sie wengine tukijipepea. Mzee Chitanda, mchonga vinyago wa nyumba ya pili, humwuliza kama mgonjwa ameamkaje.

Kumbe mizizi yake ilikuwa imebanana. Kwao hugawa kila baada ya miaka michache, maua yakishanyauka na mvua zikiwa bado zinaendelea, ili mizizi ishike kabla ya baridi. Hapa tunachokimbia ni jua, kwa hiyo tumewahi masika.

Na kwao mwenye maua hakati. Hukata jirani, kwa sababu mkono wa mwenyewe una huruma.

Nimeripoti mafuriko na ajali bila kutetemeka. Leo nilishika panga nikabaki nimesimama.

"Ndugu mwandishi," Mzee Chitanda akasema kutoka ng'ambo ya ugo, "unakata shina au unafungua bahasha?"

Nikakata. Mwalimu alikuwa amenipa mgongo.

"Limeoza?"

"Katikati tu, Mwalimu. Pembeni mizizi ni myeupe."

Akageuka, akapiga magoti, na kuanzia hapo amri zikawa zake. Tukatupa sehemu iliyooza, tukaacha machipukizi matatu kwa kila kipande, tukapunguza majani nusu, tukapanda kwa kina kile kile cha zamani na kuweka kivuli cha makuti.

Mzee Chitanda, na utani wake wote, ndiye wa kwanza kuomba kipande. Mwalimu akamjibu kwa heshima zote kwamba atapewa, ila kwanza amwombe radhi mgonjwa.

Akaomba. Nilishuhudia.

Hakuna kipande kitakachotoka mpaka majani mapya yaonekane. Tunakagua Jumamosi ya tatu kuanzia leo, saa moja asubuhi. Mhariri wangu ameshaambiwa kwamba siku hiyo sipo.