Baba, Ulizikwa kwa Lori la Makaa

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia. Miezi yako ya mwisho ulikuwa hai na bado hukuitikia, kwa hiyo hilo nimeshalizoea.

Nakuandikia kutoka Kigonsera, kwenye nyumba yangu ya ualimu, nimetoka misa sasa hivi. Una miezi saba kaburini. Mama alinituma nikuombee. Nilipiga magoti, nikashindwa. Kwenye sala mtu hawezi kugomba, na mimi nina ugomvi na wewe.

Nianze na habari za nyumbani, maana ulipenda habari njema zitangulie. Umeme umefika mpaka kwa shangazi Hyasinta. Kijijini kwetu Ruanda sasa kuna nyumba za kulala wageni, kuna maduka ya simu, na akina mama wanawauzia madereva chapati tangu alfajiri. Malori ya makaa ya mawe yanapita kutwa, mengine yanashuka ziwani, mengine yanaelekea Songea na mbele huko. Ulisema kijiji kitanyanyuka. Kimenyanyuka. Hilo sikunyimi.

Ila mkutano ule wa kijiji kuhusu mgodi wa makaa sijausahau. Nilisimama mbele ya watu nikaeleza ninachofundisha darasani: kwamba nchi inapokua kwa kuchoma makaa, moshi nao unakua pamoja na mali, hewa inapata joto, mvua zinapoteza mpangilio. Sikusema mgodi ufungwe. Nilisema vijana wasiende wote, mashamba ya mlimani yatabaki na nani? Ukasimama, Baba yangu mzazi.

"Huyu nimemsomesha kwa kahawa, leo anataka ndugu zake wakae gizani! Wazungu wamechoma makaa mpaka wameshiba. Sisi tukiwasha kibiriti tu, tunaletewa hesabu ya moshi. Kaa chini, Osmunda. Unawalilia watoto wa kesho, wako yuko wapi?"

Watu wakacheka. Wewe ulijua nimepoteza mimba tatu. Ile ya pili ni wewe uliyenishika mkono mpaka hospitali Mbinga, ukavua koti lako ukanifunika.

Nilikaa chini.

Wadogo zangu Kosmas na Oswin wakaajiriwa mgodini, na ngolo, mashimo yetu ya shambani, zikaachwa. Wewe ndiye uliyenifundisha kuzichimba nikiwa darasa la pili: nyasi tunazilaza kwanza kwa kukatizana, udongo juu yake, shimo linabaki katikati, na mlima mzima unajaa mashimo ya kutuliza maji ya mvua. Nikikosea ulinigonga vidole kwa mpini wa jembe. "Maji yatembee, yasikimbie," ulikuwa unasema. Misimu mitatu hapakuwa na wa kuchimba. Ulibaki peke yako na mgongo wako mbovu, ukapanda mahindi kwa kukwangua juu juu tu, kwenye mteremko ulio juu ya nyumba yetu.

Krismasi nilikuja nikaona. Nikakwambia maneno ambayo hata padri sijamwambia. "Mteremko huu utakufukia, Baba. Na ukikufukia usiniite."

Hukunijibu siku ile, wala hukunisemesha tena.

Mvua ya masika iliyofuata ilinyesha siku nne bila kupumzika. Siwezi kusimama darasani nikasema makaa ya Ruanda ndiyo yaliyoileta. Moshi ulio angani ni wa wengi, na wetu ni kidogo sana ndani yake. Hapo ulikuwa na haki, na nakuchukia kwa kuwa na haki. Lakini mashimo yale tuliyoacha kuyachimba yalikuwa yetu, Baba. Yetu wenyewe.

Saa kumi jioni mlima ulishuka. Mama alikuwa kwa jirani. Wewe ulikuwa jikoni unaota moto. Kosmas alikuja mbio na wenzake wa mgodini, na kofia zao ngumu kichwani, wakachimba. Chepeo lake ndilo lililokupata, kwenye paja. Mpaka leo chepeo halishiki. Mdomo wako ulikuwa umejaa udongo. Mama aliutoa kwa kidole, kidogo kidogo, kama anavyomsafisha mtoto.

Makaburi yapo parokiani na barabara ilikuwa tope tupu. Magari yote yalikwama isipokuwa malori ya mgodi. Dereva mmoja, mgeni kabisa, akajitolea, akamwaga mzigo wake kando ya njia ili upate nafasi. Shangazi Hyasinta alikuwa amelishonea jeneza lako kitambaa cheupe. Tulipolishusha, lilikuwa jeusi kwa vumbi la makaa. Mama alijaribu kulifuta kwa khanga akazidi kulipaka. Padri akaangalia pembeni. Na mimi nilicheka, Baba. Nilicheka mpaka nikaanguka. Watu walinishika wakidhani ni kilio.

Baada ya matanga Kosmas alirudi mgodini, kazi ya kupima malori mizanini. Nilimtukana. Akaniambia, "Dada, watoto wangu wanasoma. Nifanye nini?" Shuleni nako nilipomaliza kufundisha ukuaji wa uchumi na hewa ukaa, msichana mmoja wa kidato cha tatu, baba yake dereva wa malori hayo hayo, aliuliza, "Mwalimu, kwa hiyo tuzime taa?" Hakuna aliyecheka. Nilimwambia hapana. Kisha nikageukia ubao kuufuta, kengele ikaniokoa.

Sasa wanataka kupanua mgodi kuelekea upande wetu. Mkutano ni mwezi ujao, na Kosmas ameombwa aseme kwa niaba ya vijana. Mama ananisihi nisiende, nisikuchafue, marehemu hasemwi vibaya.

Nitakwenda. Nitawaambia ulikuwa na haki kuhusu Wazungu na kibiriti, nitawaambia tunahitaji taa kama watu wengine. Halafu nitawaeleza ulivyokufa, na mdomo ulivyokuwa, na nani alikuchimbua, na mimi nilikwambia nini Krismasi. Nitasema yote Mama akiwa amekaa hapo.

Pumzika, Baba. Ardhini tumekusitiri. Mkutanoni sitakusitiri, wala sitajisitiri mimi.

Mwanao,
Osmunda