Vikombe Vinne Badala ya Sita

Shamba la Mzee Jamleck,
Olenguruone,
Nakuru.
Jumapili, 27 Julai 2025.

Mpendwa dada yangu Nerima,

Leo ni siku ya mia moja thelathini na tatu tangu nitoke nyumbani Kimilili. Nilitoka Jumapili tarehe 16 Machi. Machi ilikuwa imebakisha siku kumi na tano, Aprili thelathini, Mei thelathini na moja, Juni thelathini, na Julai hii imefika ishirini na saba. Ukigawa kwa saba unapata wiki kumi na tisa kamili. Nimehesabu mara mbili. Sababu ya kuhesabu mara mbili utaijua kabla hujamaliza kusoma.

Habari za hapo? Mama anaendeleaje na goti lake, na ile dawa ya kupaka ilimsaidia au anaipaka tu kukuridhisha? Naliaka wako anasoma vizuri? Yule ng'ombe mweupe ameshazaa? Mimi mwili ni mzima, ila baridi ya huku juu imeniingia mgongoni, na asubuhi vidole haviwezi kufunga kifungo cha shati mpaka vishike kikombe cha chai kwanza.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu ukinyamaza kidogo tu mimi hubadilisha habari, nikaanza kuuliza mvua. Karatasi hainyamazi. Tena kuna hesabu humu, na nataka Naliaka aikague.

Mwezi uliopita nilikupigia nikakuambia Mzee Jamleck ameniongezea mistari. Unajua desturi ya hapa nilivyokueleza: kibarua anayekaa msimu mzima hupewa mistari mitatu ya viazi iwe yake siku za kuchimba. Nilikuambia yangu imekuwa sita kwa sababu ya kazi nzuri. Ulifurahi mpaka ukampa mama simu, naye akaniombea. Kisha nikasikia umelima kipande cha nyuma ya jikoni, kikingojea mbegu nitakazokuja nazo.

Dada, ile mistari mitatu ya ziada ilikuwa ya mtu.

Ilikuwa ya Owuor. Sikuwahi kukutajia jina lake, na hilo peke yake lingetosha kunihukumu, kwa sababu ndiye tuliyelala naye chumba kimoja tangu Machi. Ni mtu wa Siaya, mrefu, mwenye maneno mengi. Alikuwa akinipikia ugali wiki mbili nilizoumwa na kifua.

Nianze mbali kidogo. Tulipofika, Mzee aliuliza nani kati yetu amemaliza darasa la nane, maana alitaka mtu wa kuchanganya dawa. Niliinua mkono. Wewe unajua nilifika wapi. Uliacha shule darasa la tano ili karo ya wawili iwe ya mmoja, na huyo mmoja akaacha darasa la saba, akawaambia nyinyi kwamba mwalimu alimchukia. Mwalimu hakunichukia. Nilikuwa nikiziona zile hesabu za maneno, za mtu aliyenunua hiki akatumia kile, herufi zinaanza kutembea. Siku za mtihani wa hesabu nilikuwa nakaa mtoni.

Basi nikapewa pipa. Kuanzia hapo Owuor akaniita Mwalimu.

Kazi ni hivi. Viazi huku vina ugonjwa wa majani unaokuja na ukungu. Ukichelewa, shamba linakuwa jeusi kwa juma moja. Kwa hiyo kila Jumatatu kuanzia Juni tulinyunyiza. Pipa likijaa linatoa pampu kumi za kubeba mgongoni. Kila pampu inataka kikombe kimoja cha unga wa dawa, kile kikombe kidogo tulichokata kwenye chupa. Kwa hiyo pipa jipya, vikombe kumi. Hapo hata mimi sikukosea.

Pipa halikuachwa likauke, kwa sababu tope la dawa la chini huziba mdomo wa pampu. Owuor alikuwa akitumia pampu sita, halafu mkokoteni wa punda unafika na mitungi sita ya maji, ninajaza tena na kuongeza dawa. Kujua dawa ya kuongeza nilikuwa na kijiti chenye alama kumi, alama moja kwa kila pampu. Nilikitumbukiza mpaka chini, nikakitoa, nikahesabu alama zilizolowa. Zililowa nne. Nikaweka vikombe vinne.

Soma tena hapo, dada. Nilihesabu zilizolowa.

Owuor alianza kunyunyiza juu ya shamba, karibu na nyumba, akishuka kuelekea mtoni. Jumatatu ya pili, akiwa kule chini, alipanda akiwa amenyoosha mikono kama mtu anayepimwa koti. Dawa ile hukauka nyeupe kwenye nguo. Aliniambia, "Mwalimu, dawa ya juu imekauka nyeupe kwenye shati langu. Ya kule chini haiachi alama. Unanipatia chai bila majani?"

Vijana wa mkokoteni walicheka. Nilisikia joto usoni, lile lile la darasani. Nikamjibu mbele yao, "Wewe nyunyiza. Hesabu niachie mimi niliyesoma."

Hakuniuliza tena.

Tarehe 23 Juni robo ya chini ya shamba ilikuwa nyeusi, inanuka. Juu ilikuwa kijani. Mzee Jamleck alitembea mstari kwa mstari, mikono nyuma, kisha akasema ni wazi: Owuor alinyunyiza vizuri akiwa na nguvu, akachoka, akashuka mtoni akitembea tu. Owuor hakupiga kelele. Alinitazama mimi, akasema, "Muulize Mwalimu kuhusu shati."

Mzee akaniuliza. Nikasema dawa niliichanganya sawa.

Siku hiyo nilikuwa naamini hivyo, na huo ndio utetezi wangu wote. Lakini la shati nilikuwa nalijua, na sikulisema. Owuor alifunga mfuko wake kesho yake, akaenda Ndabibi kwa binamu yake anayevuna mahindi. Aliniachia sufuria. Mistari yake Mzee akanipa mimi, na jioni ile ile nikakupigia simu.

Sasa nifike kwa Naliaka. Tarehe 6 Julai alinitumia ujumbe wa hesabu ya shule, kama alivyozoea kwa sababu nimemdanganya yeye pia kwamba hesabu ninaziweza. Tangi la shule likijaa lina lita 600. Wanafunzi wametumia lita 350. Ziongezwe lita ngapi ili tangi lijae? Nilikuwa dukani nachaji simu. Nikachukua 600, nikatoa 350, nikamtumia 250, nikaongeza kwamba hiyo ni rahisi sana.

Alinipigia. Hakumcheka mjomba wake, yule mtoto. Alisema, "Khocha, hiyo 250 ni iliyobaki. Swali linauliza ya kuongeza, na ya kuongeza ni ile iliyotoka."

Kisha akanipangia kama mwalimu wake anavyowapangia Gredi ya Tano. Kwanza soma swali mara mbili. Pili andika unachojua. Tatu andika unachoulizwa, kwa maneno yako. Nne ndiyo ushike hesabu. Mwisho lirudishe jibu ndani ya swali uone kama linakaa: 250 zilizobaki na 250 ulizoongeza ni 500, na tangi ni la 600, halijajaa.

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Haukuwa unasumbua.

Nilirudi shambani nikakaa karibu na pipa na kipande cha karatasi ya mfuko wa mbolea. Ninachojua: pampu kumi, vikombe kumi. Zimetoka pampu sita, zimebaki nne, na zile nne zina vikombe vyake vinne tayari. Ninachoulizwa: dawa ya maji mapya. Maji mapya ni mitungi sita, na mtungi ni pampu moja. Kwa hiyo vikombe sita. Mimi niliweka vinne. Nne na nne ni nane, kwenye pipa linalotaka kumi. Mara ya pili kujaza, zile pampu nne zilizobaki zilikuwa na vikombe vitatu na kidogo, nikaongeza vinne, ikawa saba na kidogo. Mara ya tatu hata saba haikufika. Na pipa la mara ya tatu ndilo lililoenda kando ya mto, kwenye ukungu mwingi kuliko kote.

Owuor hakutembea tu. Alinyunyiza kila jani. Alibeba pampu ishirini na nne kila Jumatatu, na za mwisho zilikuwa zimepungukiwa karibu theluthi ya dawa kwa mkono wangu.

Ningesema kwamba nilikwenda kwa Mzee siku hiyo, ungenionea huruma. Sikwenda. Jumatatu iliyofuata niliweka vikombe sita, kimya. Pampu nilibeba mwenyewe, na nilipofika chini mikono ya shati langu ilikuwa nyeupe. Niliifua kabla ya chakula. Nilinyamaza siku kumi na nane, dada. Nilikuwa nalala nikihesabu mistari sita, kisha naiona ile sufuria.

Jumanne iliyopita jirani mwenye shamba ng'ambo ya barabara alitusimamisha barabarani, mimi na Mzee, kuuliza. Alikuwa amesikia Owuor anatafuta kazi ya msimu ujao. Mzee akamwambia asithubutu, yule ni mvivu, alimharibia robo ya shamba. Kisha akanigeukia. "Si ndiyo, Mwalimu?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Sikuulizwa hesabu ngumu. Niliulizwa ndiyo au la.

Alhamisi nikabeba kijiti, kikombe na ile karatasi nikaenda mlangoni kwa Mzee. Nilimwonyesha kwa maji, hatua kwa hatua, kama Naliaka alivyonionyesha. Alitazama mpaka mwisho. Akakichukua kijiti, akagusa alama ya nne kwa kidole, kisha ya kumi.

"Darasa la nane ulifanyia wapi?"

"Sikufanya, Mzee."

Alinirudishia kijiti. Halafu akaita kila mtu uani, hata mama wa jikoni, akaniambia nirudie mbele yao. Nikarudia. Hakuna aliyecheka, na afadhali mtu angecheka. Kisha akampigia Owuor, akaweka sauti ya simu juu, akamweleza mwenyewe na kumwomba radhi. Kule Ndabibi palikuwa na upepo. Owuor alisema tu, "Mimi nilisema shati." Mzee akamwambia mistari yake ipo. Owuor akajibu kwamba atakuja kuichimba tarehe 4 Agosti, na Mwalimu asiiguse.

Nilitaka kusema neno lakini alikuwa amekata. Sijui kama ataniamkia siku hiyo. Sufuria yake nimeisugua.

Mzee alimwita pia yule jirani, nikamwambia mwenyewe barabarani, nimesimama pale pale nilipotikisa kichwa. Kijiti amepewa mwingine. Mimi ninabaki kuchimba mpaka mwisho, na mistari yangu mitatu inarudi kwa Mzee kwa ajili ya robo ile. Sikubishana.

Kwa hiyo mbegu hakuna, dada. Kile kipande cha nyuma ya jikoni panda maharagwe, usiendelee kuningojea. Mama mwambie yote kama nilivyoandika, usinipakie sukari, hasa lile la kutikisa kichwa. Alimshukuru Mungu kwa kitu nilichomnyang'anya mtu, na ana haki ya kujua. Naliaka mwambie mtandao haukusumbua, na khocha wake aliishia darasa la saba kwa kukimbia mwenyewe. Kama atataka kuendelea kunitumia maswali, nitayasoma mara mbili.

Nisalimie mama, shemeji Makhanu, Naliaka na wadogo zake, na shangazi Nasimiyu wa ng'ambo ya mto. Mungu awatunze, alilinde goti la mama, na ninyi msikae na njaa ya kitu ambacho mimi nilipaswa kuleta.

Hesabu ya mwisho, aikague mtoto. Ninachojua: imebaki mistari sabini na miwili ya kuchimba, tuko watatu, kila mtu anamaliza miwili kwa siku. Tatu mara mbili ni sita, na sabini na mbili kugawa kwa sita ni siku kumi na mbili za kazi. Tunaanza Jumatatu tarehe 4 Agosti, Jumapili hatuchimbi, tunamaliza Jumamosi tarehe 16. Jumapili nitafua, Jumatatu alfajiri nitapanda gari. Ninachoulizwa: zimebaki siku ngapi kutoka leo. Nne za Julai na kumi na nane za Agosti, ishirini na mbili. Nimelirudisha jibu ndani ya swali, na linakaa.

Zimetoka mia moja thelathini na tatu. Zimebaki ishirini na mbili. Safari hii sijazichanganya.

Nitafika Jumatatu tarehe 18 Agosti, jioni, mikono mitupu.

Ndugu yako akupendaye hata akiona haya kukutazama,
Masinde