Gauni la Robi

Mugumu,
Jumapili jioni.

Kaka Werema,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Geita, wewe pamoja na wifi na watoto. Mimi mwili hauna tatizo. Mvua huku zilichelewa, lakini mtama wa shamba la Machochwe umeshika. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata pa kujificha.

Ile kazi ya kikundi chetu cha kuuza mitumba inaendelea. Kila siku ya mnada napanda juu ya benchi na kuwaambia akina mama waache kukimbilia nguo mpya za dukani, zinazochuja baada ya kufuliwa mara tatu na kuishia kuziba mitaro. Nawaambia shati jipya la pamba limekunywa maji mengi kabla halijavaliwa, na mito yetu tunaiona inavyopungua. Mtumba mzuri haudai tone jingine. Wananisikiliza. Hadi Issenye wananiita Mwalimu wa Mitumba. Na hayo yote ni kweli, kaka. Sijutii hata neno moja.

Sasa nije kwa mama. Mwezi wa tano nilikupigia nikakuambia akili yake imeyumba tangu tumzike mdogo wetu Robi. Nilikueleza alivyokuja sokoni akamshika mkono Mwanamvua, yule muuza maandazi, akasema gauni alilovaa ni la marehemu binti yake. Watu wakajaa. Nikashuka kwenye benchi nikamwambia, "Mama, nguo hizi zinatoka Ulaya kwenye marobota. Zinazofanana ni nyingi." Watu wakacheka. Mama akapiga magoti, akageuza pindo la gauni Mwanamvua akiwa amelivaa, akawaonyesha uzi wa bluu, akisema pindo lile alilishona kwa mkono wake. Mwanamvua kwa aibu akamsukuma. Mama akaangukia karai la mafuta, mkono ukaungua hadi kiwiko.

Kwa neno langu ulikubali apelekwe kwenye ile nyumba ya maombi upande wa Tarime. Wamemnyoa nywele. Wanamlazimisha kufunga bila kula siku tatu kila wiki ili kivuli cha Robi kimwachie.

Kaka, gauni lile lilikuwa la Robi.

Nguo zake zote zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama. Mara mbili nilimwomba anipe, nikamwambia nguo hazifi na mwenyewe, wapo wa kuzivaa. Alikataa. Alisema bado zina harufu ya mtoto wake. Siku alipokwenda kupalilia nilizichukua, nikazifua kwa sabuni ya unga mpaka harufu ikaisha, nikazipiga pasi na kuzitundika mnadani pamoja na mitumba yangu; gauni lile akalinunua Mwanamvua. Uzi ule niliutambua pale sokoni kabla mama hajamaliza kuligeuza pindo. Lakini watu walikuwa wananitazama mimi, Mwalimu.

Juzi nilikwenda nimwambie ukweli. Nilimkuta amekaa juani, mkono umejikunja kwa kovu. Akaniuliza kwa upole, "Modesta, wewe ndiye unayezijua nguo. Lilikuwa lake, au halikuwa lake?"

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa. Nikasema, "Halikuwa lake, mama."

Akasema, "Basi kweli mimi ni mgonjwa." Akanituma kwa mchungaji nimwambie kwamba amekubali, na kwamba waongeze siku za kufunga.

Gauni lenyewe Mwanamvua alilirudisha, akisema hataki kuvaa machozi ya mtu. Nilifumua ule uzi wa bluu, nikashona mweupe. Jana nimemuuzia mama mmoja aliyekuwa anarudi Sirari. Nilimwambia ni nguo ya kudumu.

Njoo, kaka. Mimi nikimwambia sasa, atadhani namhurumia. Wewe labda atakuamini. Ukitaka kunipiga, nipige, ila anza kwa kumwambia yeye ukweli.

Nisalimie wifi na watoto. Mama naye anakusalimu sana. Ameniagiza nikushukuru kwa kumpeleka kule, na usijilaumu, wanamtunza vizuri.

Mdogo wako,
Modesta